Saratani ya kizazi "iliyopotea yenyewe": kilichopotea ni nini hasa?

Kuna ujumbe wa sauti ambao haukosi kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama. Maneno hubadilika, mkasa ni uleule: fulani alipimwa, akaambiwa ana saratani ya kizazi, akaogopa hospitali, akanywa majani au akafunga na kuomba kwa miezi mitatu, na aliporudi kupimwa wakakuta hakuna kitu. Mara nyingi anayesimulia hasemi uongo. Karatasi ya kwanza ipo na ya pili ipo. Tatizo liko kwenye neno "saratani", ambalo mitaani limebebeshwa vitu vitatu visivyofanana, na kimoja tu kati yake ndicho saratani.

Hadithi nyingi za aina hii zinahusu mlango wa kizazi, ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayochomoza ukeni. Tuanze hapo, kwa sababu ndipo mambo yanapopotea kweli, na ndipo kuyasubiri yapotee kunapoua.

Kitu cha kwanza ni maambukizi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzia kwenye virusi vya papiloma, HPV, vinavyoenea kwa ngono. Aina zake ni nyingi, ila aina ya 16 na ya 18 peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Karibu kila mtu anayefanya ngono hukutana na HPV wakati fulani wa maisha yake, na kwa watu takriban 9 kati ya 10 mwili huifuta ndani ya miaka 2 bila dawa yoyote. Kwa hiyo mwenye jibu la "HPV ipo" hana saratani. Ana virusi ambavyo inabidi kufuatilia kama vimeondoka.

Cha pili ni mabadiliko ya awali. Virusi visipoondoka, seli za utando unaofunika mlango wa kizazi huanza kukua ovyo, lakini zinabaki ndani ya utando huo. Kwenye fomu ya maabara utaona herufi CIN na namba. CIN 1 maana yake theluthi ya chini ya unene wa utando imeharibika, CIN 2 ni hadi theluthi mbili, CIN 3 ni karibu unene wote. Kliniki zetu huyaita "dalili za awali za saratani", na jina hilo limechangia sana mkanganyiko huu, maana mgonjwa husikia neno la mwisho tu. Anatoka mlangoni akijua ana saratani.

Cha tatu ndiyo saratani yenyewe: seli zile zimetoboa utando wa chini na kuingia kwenye nyama, karibu na mishipa ya damu na ya limfu, ambako zinaweza kusafiri.

Fikiria nyumba ya pwani wakati wa masika. Ukuta huota ukungu juu ya rangi. Jua likirudi, mwingi hukauka ukafutika. Lakini maji yakishapenya plasta yakaingia kwenye tofali, jua la nje halitoshi tena. Ukungu wa juu ndio CIN, tofali lililolowa ndiyo saratani, na kutoka hatua moja hadi nyingine kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, huweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Sasa, ukungu huo hukauka mara ngapi? CIN 1 hurudi nyuma kwa wanawake zaidi ya nusu, ndiyo maana kwa kawaida hufuatiliwa tu. CIN 2 imechunguzwa vizuri zaidi: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 36 na wanawake 3,160 waliofuatiliwa bila kutibiwa, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 2 mabadiliko yalirudi nyuma kwa asilimia 50, yalibaki palepale kwa asilimia 32, na yalisonga mbele kwa asilimia 18. Kwa walio chini ya miaka 30, waliorudi nyuma walifika asilimia 60. CIN 3 nayo huweza kurudi nyuma, lakini kwa wachache, na ndiyo iliyo jirani na saratani.

Hebu pima namba hizo na ule ujumbe wa sauti. Wanawake 100 wenye CIN 2 wakinywa majani yaleyale kwa miaka 2, 50 watapona. Wakinywa chai ya rangi, 50 watapona. Wote 50 wana karatasi mbili mkononi na wana haki ya kushukuru. Wale 18 hawarekodi ujumbe wa sauti.

Kinachofanya kazi hiyo ni kinga ya mwili, hasa seli zake zinazotambua seli nyingine iliyovamiwa na virusi na kuiua. HPV ina mbinu ya kujificha: haiingii kwenye damu, inakaa kwenye utando wa juu ambako walinzi hawapiti sana, hivyo kinga huchelewa kushtuka. Ikishtuka, doa, yaani eneo lenye seli zilizoharibika, hunywea, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Hata kile kitendo cha kukata kinyama kwa ajili ya maabara huweza kuondoa doa dogo lote, na baadhi ya madaktari wanaamini kwamba kidonda chake huwaamsha walinzi wa eneo lile. Mgonjwa anaporudi akakuta pasafi, huenda alitibiwa na kile kipimo chenyewe bila kujua.

Isiposhtuka, mambo hugeuka. Seli zetu zina breki zinazozizuia kugawanyika hovyo. HPV za hatari zina protini mbili, E6 na E7: ya kwanza huvunja breki iitwayo p53, ya pili huikamata breki iitwayo Rb. Seli isiyo na breki hugawanyika ikikusanya makosa kwenye vinasaba vyake, na kila kosa huipa njia mpya ya kukua au ya kuwakwepa walinzi. Baada ya miaka kadhaa si suala la virusi tena. Ndiyo sababu chanjo ya HPV, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 na sasa hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, huzuia maambukizi mapya lakini haifuti doa lililokwishaota.

Vinavyopunguza uwezekano wa kurudi nyuma vinajulikana. VVU vinaongoza: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara 6 zaidi ya asiye navyo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, badala ya 30, na arudi kila baada ya miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV. Kutumia ARV bila kuruka kunasaidia. Sigara huchelewesha mwili kufuta virusi. Kondomu, kwa upande mwingine, inasaidia: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 uliona madoa yakirudi nyuma zaidi kwa wanawake ambao wenza wao walitumia kondomu kuliko kwa wasiotumia.

Kabla hatujaenda mbali, tuangalie namna jibu la kwanza linavyopatikana, kwa sababu wapo "waliopona" ambao hawakuwa na kitu. Kwenye vituo vingi Afrika Mashariki kipimo ni cha siki, VIA. Muuguzi hufungua uke kwa kifaa, humulika taa, halafu hupaka mlango wa kizazi maji ya asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, na kusubiri dakika 1 nzima. Doa lenye seli zilizosongamana hugeuka jeupe zito, lenye kingo zinazoonekana, likigusa mstari ambako aina mbili za utando hukutana: ule wa waridi wa nje na ule mwekundu wa ndani. Jicho linaamua. Uvimbe wa maambukizi ya kawaida huweza kugeuka mweupe kidogo, kidonda kinachopona vilevile. Akitumia dawa ya maambukizi na kurudi, weupe haupo, na hadithi inazaliwa. Waliojiwekea shabu au majani ukeni "kusafisha kizazi" huongeza tatizo, kwani vitu hivyo huunguza utando, na muuguzi anashindwa kusoma anachokiona.

Kinyume chake pia hutokea, na hicho kinatisha zaidi. Kadiri mwanamke anavyokaribia kukoma hedhi, ule mstari wa makutano hujivuta ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, taa isikofika. Mama wa miaka 55 anaweza kupimwa kwa siki, asionekane na doa, na doa likawa ndani. Umri huo kipimo cha HPV, kile cha kuchukua ute kwa kijiti, kinafaa zaidi.

Swali linalofuata ni la haki: kama nusu ya CIN 2 hupona zenyewe, kwa nini muuguzi anataka kutibu siku hiyohiyo? Kwa sababu hakuna kipimo kinachoweza kukuambia wewe uko kwenye 50 au kwenye 18. Na kwa sababu tiba yenyewe ni nyepesi ukilinganisha na kinachokwepwa. Tiba mgando hugandisha doa kwa dakika 3, huachwa liyeyuke dakika 5, kisha hugandishwa tena dakika 3. Tiba ya joto hutumia ncha ya nyuzi 100 kwa chini ya dakika moja. Zote hufanyika bila kulazwa, mradi doa halijaingia mferejini na halijafunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi. Likizidi hapo hukatwa kwa waya wa umeme. Baada ya hapo utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na hutakiwi kufanya ngono kwa wiki 4, maana kidonda kibichi huingiza maambukizi kwa urahisi. Wanaoshindwa ni wale wanaorudi nyumbani bila kumweleza mwenza sababu ya hizo wiki 4. Ni vizuri kuja naye kliniki.

Kusubiri kwa usalama kupo, lakini kuna sura yake. Ni kwa mwanamke kijana mwenye CIN 2, anayepimwa kwa darubini ya mlango wa kizazi kila miezi 6 hivi, kwa hadi miaka 2, akiwa na simu inayopatikana na hospitali inayomtafuta asipotokea. Ni kwa mjamzito pia: hata CIN 3 kwa kawaida huachwa hadi ajifungue, ikishahakikishwa kwamba si saratani, kisha hupimwa upya. Huko ndiko kusubiri. Kukaa nyumbani ni jambo jingine.

Tofauti ya hayo mawili iliwahi kupimwa, kwa gharama isiyosameheka, mjini Auckland, New Zealand. Mwaka 1966 daktari Herbert Green wa National Women's Hospital alipata kibali cha wenzake kuwafuatilia wanawake wenye kile ambacho leo tunakiita CIN 3 bila kuwatibu kikamilifu. Hakuamini kwamba mabadiliko hayo hugeuka saratani, na alitaka kuwaepusha wanawake na upasuaji mkubwa wa enzi hizo. Wengi wao hawakuambiwa. Walirudi kliniki mwaka baada ya mwaka, wakikatwa vinyama vidogo, wakiamini wanatibiwa. Wenzake wawili, Bill McIndoe aliyekuwa akiwachunguza kwa darubini na Jock McLean wa maabara, walionya. Walipuuzwa. Mwaka 1987 jarida moja la mjini humo likachapisha habari hizo, serikali ikaunda tume chini ya jaji Silvia Cartwright, na ripoti yake ikatoka mwaka 1988.

Miaka 20 baadaye, 2008, watafiti walihesabu matokeo. Kati ya wanawake 143 walioishia kukatwa kinyama tu, asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa wale 92 kati yao ambao ugonjwa ulionekana kuendelea kuwepo ndani ya miaka 2 ya mwanzo, ilikuwa asilimia 50. Kwa 593 waliotibiwa ipasavyo, haikufika hata asilimia 1.

Tazama namba hiyo ya kwanza kwa upande wake mwingine. Asilimia 69 ya wanawake walioachwa na CIN 3 hawakuwa na saratani miaka 30 baadaye. Kila mmoja wao angeweza kusimama mbele ya kanisa au kwenye baraza la wanawake na kutoa ushuhuda wa kweli kabisa, na bado lingekuwa kosa kubwa kumwambia mwanamke mwingine afanye kama yeye.

Vipi kuhusu saratani kamili, ile iliyokwishaingia kwenye nyama? Je, imewahi kunywea yenyewe? Imewahi, ila ni nadra mno. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Marekani, Everson na Cole, walipekua majarida ya kitabibu ya kuanzia mwaka 1900 na kukubali visa 176 tu, vya saratani za kila aina, dunia nzima. Walihesabu kupungua au kutoweka kwa saratani bila tiba, au kwa tiba ambayo isingetosha kuleta matokeo hayo. Zaidi ya nusu ya visa vyao ni vya aina nne: ya figo, ya mishipa ya fahamu ya watoto wachanga, ya ngozi iitwayo melanoma, na moja ya wanawake, koriokasinoma.

Koriokasinoma ni saratani ya tishu za kondo la nyuma. Mara nyingi hufuata mimba zabibu, ile mimba isiyo na mtoto ambayo tumboni huwa kama kishada cha malengelenge. Na sababu ya kuonekana kwenye orodha ile ni nzuri sana kuielewa: tishu hizi zina vinasaba vya baba. Kwa mwili wa mama ni mgeni, siyo sehemu yake iliyoasi, hivyo kinga ina cha kukishika. Baada ya mimba zabibu kusafishwa, mabaki kwa wanawake wengi hufa yenyewe. Lakini kwa mimba zabibu kamili, takriban asilimia 15 hadi 20 mabaki huendelea kukua, na huweza kufika mapafuni. Kinachotofautisha ni homoni ya mimba kwenye damu: hupimwa kila wiki moja au mbili hadi ishuke kabisa, halafu kila mwezi, kwa kawaida kwa miezi 6, na muda wote huo mama atumie uzazi wa mpango ili mimba mpya isivuruge hesabu. Homoni ikisimama au ikipanda, dawa huanza. Tangu mwaka 1956, methotreksati ilipoonyeshwa kuiponya, hii ni kati ya saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Wa kundi la hatari ndogo karibu wote hupona. Kwa hiyo hata saratani yenye sifa ya kunywea yenyewe, hakuna daktari anayeiachia.

Kwa saratani kamili ya mlango wa kizazi, ya mfuko wa uzazi au ya ovari, visa vya kunywea bila tiba ni vichache mno kiasi kwamba kimoja kikitokea huandikwa kwenye jarida.

Mengine yanayohesabiwa kama miujiza ni magonjwa ya jina tofauti. Fibroidi, ule "uvimbe kwenye kizazi" unaowasumbua wengi, si saratani, na husinyaa hedhi inapokoma kwa sababu homoni iliyokuwa ikiulisha imepungua. Vifuko vya maji kwenye ovari kwa mwanamke anayepata hedhi mara nyingi huisha ndani ya mizunguko 2 au 3. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ulionenepa bila seli zilizoharibika kwa wengi hurudi kawaida. Wenye seli zilizoharibika ni jambo zito, maana saratani huweza kuwa imekwishajificha humohumo. Na kuna kipimo cha damu cha CA-125, ambacho watu hukipokea kama hukumu. Hupanda kwa saratani ya ovari, ndiyo, lakini hupanda pia kwa hedhi, kwa maambukizi ya nyonga, na kwa kifua kikuu cha tumbo. Hicho cha mwisho nakitilia mkazo kwa mazingira yetu: tumbo hujaa maji, mgonjwa hukonda, CA-125 huruka juu, picha ya ultrasound inafanana na saratani iliyosambaa. Miezi 6 ya dawa za TB, vyote vinaisha. Ndiyo maana kinyama lazima kifike maabara kabla mtu hajaandikiwa kifo au muujiza.

Ukisikia kisa, basi, uliza: je, kinyama kilikatwa, na maabara iliandika neno gani? Kipimo cha pili kilikuwa kilekile cha kwanza? Na je, kati ya hizo karatasi mbili, kuna tiba yoyote iliyofanyika, hata ikaachwa katikati?

Hilo la kuachwa katikati linawaangusha wengi. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi huanza mionzi ya nje, na mara nyingi katika wiki za mwanzo damu hukata, harufu huisha, usingizi unarudi. Anajiona amepona, nauli imekwisha, ndugu wanamwambia dawa ya shangazi ndiyo imefanya kazi. Anakwenda kijijini kabla ya mionzi ya ndani, ile inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Uvimbe huendelea kupungua kwa wiki kadhaa hata baada ya mionzi kusimama, kwa hiyo huko kijijini anaonekana akizidi kuwa mzima. Seli zilizobaki ni zile ambazo mionzi ya ndani ilikusudiwa kuzimaliza, na tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Damu ikikata wiki ya tatu, mgonjwa amebakiwa na kama siku 35.